PTSD Coach, Wysa, Calm au ChatGPT: ipi imfae mtu aliyetoka kwenye janga?

Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, Tanzania, Desemba 3, 2023, na mafuriko yalipoitikisa Kenya kati ya Machi na Mei 2024, msaada wa kwanza ulikuwa ule ule tunaoufahamu: mablanketi, unga, maji safi, mahema. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mahema yanapokunjwa, watu hubaki na mambo ambayo hayagawiwi kwenye foleni. Kushtuka usiku wa manane, moyo kwenda mbio mawingu yakitanda, kuogopa kupita njia fulani, kumfokea mtoto bila sababu. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wao wako mijini. Basi mtu anachukua simu, anaingia Play Store, anakuta mamia ya programu zinazoahidi kumrudishia utulivu wake.

Ninajitolea katika kazi ya ushauri nasaha, na swali ninalokutana nalo kila baada ya janga ni hilo hilo: nipakue ipi? Jibu langu ni kwamba usichague kwa uzuri wa picha wala kwa wingi wa nyota. Chagua kwa saa inayokutesa. Anayeteseka saa nane usiku hahitaji kitu kimoja na anayeganda katikati ya soko saa nne asubuhi kwa sababu lori limepiga breki. Ukishaijua saa yako, uliza mambo mawili tu: inafanya kazi bila bando? Na inataka kujua mimi ni nani?

Tazama kalenda kabla ya kupakua

Katika majuma ya kwanza, kukosa usingizi, kulia ovyo, kuota tukio na kutokuwa na hamu ya kula si ugonjwa. Ni mwili unaoendelea kujihami wakati hatari imeshapita, na kwa watu wengi hali hiyo hupungua yenyewe wakipata mahali salama, chakula na watu wao karibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2013 ulionya hata dhidi ya kuwapa watu dawa za jamii ya diazepam (wengi tunaiita Valium) ili kutuliza mshtuko katika mwezi huo wa kwanza. Vilevile haishauriwi kuwakusanya manusura na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona katika kikao kimoja. Wapo wanaosaidika kwa kusimulia, lakini wakisukumwa, wengine huumia zaidi.

Kwa hiyo, kama hujafikisha mwezi, iache programu yoyote inayokutaka uandike kisa chako chote mwanzo mwisho. Tafuta inayokusaidia kupumua, kukanyaga chini (yaani kuirudisha akili mahali ulipo sasa) na kulala. Mwezi ukipita na hali iko pale pale, au inazidi, hapo programu inabaki kuwa kisaidizi tu, na mtu wa kumwona ni mhudumu wa afya.

Kwa anayevamiwa mchana: PTSD Coach

Hii ndiyo ninayoanza nayo kwa watu wengi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Ilitolewa mwaka 2011 na kituo cha taifa cha Marekani kinachoshughulikia matatizo ya baada ya kiwewe (kwa kifupi cha Kiingereza, PTSD), kilicho chini ya idara ya maveterani wa nchi hiyo. Ni bure kabisa, haina matangazo, haitaki ujisajili, na ukishaipakua sehemu kubwa hufanya kazi bila intaneti. Kwa mtu mwenye simu ya bei nafuu na bando la kuhesabu, hilo pekee linaipandisha juu ya nyingi.

Thamani yake iko kwenye sehemu ya kukabiliana na dalili. Unachagua kilichokupata sasa hivi: umekumbushwa tukio, umekasirika, umejawa huzuni, umejitenga, usingizi umegoma. Kinatokea kipimo mfano wa kipimajoto, kutoka sifuri hadi kumi. Unagusa pale unapojiona upo, tuseme nane. Programu inakupa zoezi moja. Moja tu, na hapo ndipo walipofikiri vizuri, maana mtu aliyepagawa hawezi kukaa kuchagua katika orodha ndefu. Linaweza kuwa la kupumua polepole, la kukaza na kulegeza misuli, au la kutazama ulipo na kuvitaja vitu unavyoviona. Ukimaliza unajipima tena. Ukitoka nane ukafika sita, umepata kitu. Ukibaki nane, unaomba zoezi jingine.

Inakuruhusu pia kuingiza picha zako mwenyewe, nyimbo zako, na namba za watu wako. Fanya hivyo siku umetulia, usingoje siku mbaya. Weka kaswida unayoipenda au wimbo wa kwaya yenu, picha ya mtoto anayecheka, namba ya shangazi anayepokea simu saa yoyote. Bila hayo ni programu ya Wamarekani tu iliyoko kwenye simu yako.

Na kweli ni ya Wamarekani, usijidanganye. Lugha ni Kiingereza. Mifano mingi ni ya askari waliotoka vitani. Sehemu ya msaada wa dharura inakuelekeza kwenye namba za Marekani ambazo hazitamfaa mtu wa Mai Mahiu, Kenya, wala wa Babati, Tanzania. Kipimo chake cha dalili kina maswali 20, na wapo wanaokijaza kisha wanajitangazia ugonjwa. Kichukulie kama njia ya kuona kama mwezi huu umekuwa mwepesi kuliko uliopita, basi.

Je, inasaidia kweli? Utafiti wa watu 120 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba walioitumia kwa miezi mitatu walipata nafuu kuliko walioambiwa wasubiri zamu, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Ukweli huo wa kawaida unanitosha. Programu inayokuahidi kupona kabisa ndani ya siku kadhaa, ikimbie.

Kwa anayechukuliwa na mawazo: mwongozo na sauti za WHO

Huu si programu kwa maana kamili, lakini nauweka humu kwa sababu unashindana vizuri na programu zote. Mwaka 2020 WHO ilitoa mwongozo wa kukabiliana na msongo wa mawazo wenye michoro kila ukurasa na sauti za mazoezi unazoweza kupakua bure. Una hatua tano: kukanyaga chini, kujinasua kutoka kwenye mawazo, kutenda yale unayoyathamini, kujitendea wema, na kuyapa nafasi maumivu badala ya kupigana nayo. Umechapishwa kwa lugha nyingi, kwa hiyo pitia orodha ya lugha kabla ya kuchukua wa Kiingereza. Hata msomaji mzito anaweza kuufuata kwa michoro.

Tofauti yake na PTSD Coach ni hii. PTSD Coach inafaa kwa dakika tano zile za dharura. Sauti za WHO zinafaa kwa mtu ambaye hashtuki sana, ila siku nzima akili imezama kwenye "laiti ningeondoka mapema", "laiti ningemshika mkono". Mawazo hayo hayatoki kwa kuambiwa "usiwaze". Mwongozo unakufundisha kuyatambua, kuyaita kwa jina (hili ni wazo la kujilaumu, limekuja tena), kisha kurudi kwenye unachokifanya: kuosha vyombo, kupalilia, kumsikiliza anayeongea nawe.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mazoezi yake yamejaribiwa kwa watu wa ukanda wetu. Mazoezi haya yana toleo la vikundi, mikutano mitano ya saa mbili mbili kwa sauti iliyorekodiwa, nalo lilipimwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa wanawake karibu 700 waliokimbia vita Sudan Kusini. Matokeo yalitoka mwaka 2020, na miezi mitatu baadaye walioshiriki walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Kwa hiyo kama mko kwenye kikundi cha akina mama, kikoba, chama au jumuiya ndogondogo, chezesheni sauti hizo pamoja kwenye spika moja. Katika orodha hii yote, hakuna kitu kingine ambacho watu 20 wanaweza kukitumia kwa simu moja.

Calm, Headspace na Insight Timer

Hizi ni programu za kutuliza akili, ndizo zinazojulikana zaidi, na kwa msongo wa kazi au mitihani sina ugomvi nazo. Kwa aliyetoka kwenye janga nina hoja tatu.

Ya kwanza ni sauti. Programu za kutuliza zimejaa mvua, mawimbi, mito na radi za mbali. Binti mmoja alimwekea mama yake programu ya namna hiyo, kwa mapenzi kabisa, na mama huyo alikuwa ametolewa kwenye paa la nyumba iliyozungukwa na maji. Zoezi halikufika hata kwenye kupumua. "Mwanangu, zima hicho," alisema, akasimama, akatoka nje bila viatu. Aliyenusurika mafuriko, sauti ya maji inayomlaza mtu mwingine inaweza kumrudisha pale pale. Sikiliza mwenyewe kwanza, peke yako, kabla ya kumwekea mtu masikioni. Aliyenusurika moto, ondoa sauti za kuni zinazowaka. Na yeyote aliyepatwa na kiwewe afanye mazoezi macho yakiwa wazi, kwani kufumba macho kwenye chumba cha kimya huwaletea wengine picha zile zile wanazozikimbia.

Ya pili ni fedha. Calm na Headspace ni za kulipia. Huko Marekani bei imekuwa ikizungukia dola 70 kwa mwaka, na ule muda wa majaribio wa bure ukiisha malipo hukatwa yenyewe usipojitoa. Mtu aliyepoteza duka hastahili kushtukia makato. Insight Timer ina hazina kubwa ya mazoezi ya bure, lakini kuyapakua ili uyasikilize bila intaneti ni kwa wanaolipia, kwa hiyo bando litaliwa.

Ya tatu huulizwa kwa sauti ya chini: je, haya mambo hayagongani na dini? Headspace ilianzishwa na mtu aliyewahi kuwa mtawa wa Kibuddha, na baadhi ya watu wakijua hilo hawapendi kuendelea. Sioni sababu ya kumlazimisha mtu. Kupumua polepole ndiko kunakoutuliza mwili, na dhikiri inayosomwa taratibu au rozari inayosaliwa bila haraka hupunguza mwendo wa pumzi vilevile. Mwenye tasbihi yake aitumie bila wasiwasi.

Saa nane usiku

Hapa mashindano ni kati ya hadithi za kulalia za Calm na programu iitwayo Insomnia Coach, nayo ya idara ile ile ya maveterani, bure. Hadithi za kulalia zinakupumbaza ulale leo. Insomnia Coach inajaribu kurekebisha usingizi wenyewe kwa mpango wa majuma matano: unaandika ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, kisha unaelekezwa kuamka saa ile ile kila siku na kutokaa kitandani ukiwa macho. Kwa mtu ambaye usingizi wake umeharibika kwa miezi, naichagua hiyo bila kusita. Mwenye kifafa azungumze na daktari kwanza, kwa sababu kupunguza saa za kulala kunaweza kumletea degedege.

Ugumu unakuja kwenye ushauri wa kutoka kitandani na kwenda chumba kingine usingizi ukigoma. Chumba kipi, kama familia nzima inalala kwenye chumba kimoja cha kupanga, au mmehifadhiwa kwa ndugu mnalala sebuleni? Inatosha kukaa wima, kuegemea ukuta, kufanya kitu cha polepole gizani kama kuhesabu pumzi, na kulala tena macho yakiwa mazito. Lililo muhimu ni kwamba godoro lisiwe mahali pa kupambania. Kama ndoto mbaya ndizo zinazokuamsha, usingizi peke yake hautarekebishika kwa programu. Mwambie mhudumu wa afya habari ya hizo ndoto.

Kwa anayetaka kuzungumza: Wysa au ChatGPT

Wapo wasiotaka mazoezi. Wanataka kusema. Na wapo wanaoogopa kusema mbele ya mtu, hasa wakiwa na mawazo ya kujiua. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai hadi Mahakama Kuu ilipotamka, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba.

Wysa, iliyoanzia India, ni roboti yenye sura ya pengwini inayochati nawe. Haikulazimishi kutaja jina lako halisi, mazungumzo ya msingi ni bure, na maswali yake yamejengwa juu ya tiba ya fikra na tabia: unawaza nini, una ushahidi gani, ungemwambia nini rafiki aliye katika hali hiyo. Udhaifu wake kwetu ni lugha. Kwa Kiingereza ni mwenzi mzuri wa nusu saa. Kwa Kiswahili utabaki ukijitafsiria maumivu yako, na hiyo ni kazi juu ya kazi.

ChatGPT, programu ya akili bandia ya kujibu lolote unaloiuliza, inajibu kwa Kiswahili, tena kizuri, ndiyo sababu vijana wengi wameshaanza kuiambia siri zao bila kungoja ushauri wa mtu. Kwa kupanga siku, kuandika barua ya kuomba fidia, au kuelewa maneno ya daktari, inasaidia sana. Kama msikilizaji wa kiwewe, naiweka chini ya Wysa. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, ina mazoea ya kukubaliana nawe, na Aprili 2025 kampuni yake yenyewe iliondoa toleo moja kwa sababu lilikuwa limezidi kumsifu na kumkubalia mtumiaji. Mtu anayejilaumu kwa kifo cha mwanawe hahitaji mwenye kukubali kila anachosema. Tena haichoki. Inaweza kuzungumza nawe hadi alfajiri, na kumbe ulichohitaji ni kulala, na asubuhi kumwambia mtu.

Kuna jambo jingine kuhusu hizi za makampuni: zinaweza kuondoka. Woebot, iliyokuwa ya kwanza kwa umaarufu miongoni mwa roboti za aina hii, ilizima programu yake Juni 30, 2025. Usimfanye mwenzi wa namna hiyo kuwa wa pekee.

Siri yako

Aliyewahi kuumizwa na programu za mikopo, zile zinazosoma orodha ya namba zako kisha zinakutangaza kwa wakwe, hahitaji kuelezwa mengi. Kanuni ni ile ile. Programu ya kupumua haihitaji kuona namba za watu wako wala kujua ulipo. Ikiomba, kataa, na ikigoma kufanya kazi, ifute. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, inayounganisha watu na washauri mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwenye kampuni za matangazo baada ya kuwaahidi usiri. Katika hili PTSD Coach na sauti za WHO ndizo salama zaidi, kwa kuwa haziko sokoni kukuuza. Na kama simu ni ya familia nzima, funga programu kwa namba ya siri ya simu yenyewe, uzime pia vijumbe vyake visitokee kwenye kioo mume, mke au watoto wakiwa wameshika simu.

Mimi ningefanyaje

Kwa asiyejua Kiingereza, au asiye na simu janja, ningeanza na sauti za WHO kwenye kikundi, kukiwa na mtu mmoja wa kuongoza. Kwa kijana anayesoma Kiingereza na anayevamiwa na kumbukumbu, PTSD Coach, akiijaza vitu vyake mwenyewe. Usingizi ukiwa ndio shida kubwa, Insomnia Coach. Wysa ningempa mtu mwenye jambo asiloweza bado kulisema kwa mdomo, nikimwomba atafute wa kumwambia kabla mwezi haujaisha. Calm na Headspace nisingezilipia kabisa katika hali hii. Na moja inatosha. Anayepakua tano kwa usiku mmoja huishia kuzihangaikia zote na kutofanya zoezi hata moja.

Achana na programu zote na mtafute mtu siku ile ile ukianza kuwaza kujiua au kumdhuru mwingine, ukisikia sauti wasizozisikia wenzako, ukishindwa kula au kumhudumia mtoto, au pombe ikiwa ndiyo inayokulaza. Kenya, Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199 bila malipo, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199. Kwa watoto, nchi zote mbili hutumia 116. Namba inayokuhusu iingize mwenyewe kwenye PTSD Coach, kwenye orodha ya watu wako, ili usitegemee zile za Marekani.

Ukimpakulia mzazi au jirani, kaa naye mara ya kwanza, fanyeni zoezi pamoja, umwonyeshe jinsi ya kulizima. Siku mbili tatu baadaye mpigie umuulize amelalaje, kwa sababu kama hajaifungua tena, ni juu yako kutafuta njia nyingine pamoja naye.